Sauti ya Kogo Kwenye Televisheni ya Hoteli

Mama ndiye aliyeamua kwamba podkasti ya Kogo iingie YouTube, na Mama akishaamua jambo nyumbani kwetu Kapkatet, waliobaki huulizana tu nani atafanya nini. Aliamua akiwa senta ya chai, gunia lake likiwa bado mizanini. Wanawake anaopanga nao foleni walikuwa wamesikia kwamba mama mkwe wake anasimulia hadithi kwenye simu, na kila aliyejaribu kuzitafuta hakuziona. Programu za podkasti hawana. Simu zao zilinunuliwa YouTube ikiwa tayari ndani, na huko ndiko wanakoangalia nyimbo, mahubiri na mechi. Mmoja wao akamwambia waziwazi kwamba kisichopatikana YouTube, kwao hakipo. Jioni hiyo Mama alivua gambuti mlangoni na kutangaza kwamba kufikia wakati wa bonasi ya chai, senta nzima iwe inamsikia Kogo.

Kogo ni mamake Baba. Amechuma chai tangu alipoolewa, kwanza kwenye mashamba makubwa ya upande wa Kericho, kisha kwenye ekari chache ambazo babu aliacha hapa. Usiku, baada ya kimyet, yaani ugali, na mboga, husimulia: zimwi lililoishi karibu na mto, sungura na fisi, mabinti waliokwenda kutafuta kuni, na kati ya hadithi na hadithi anaingiza mambo yaliyotokea kweli, bei ya majani ya zamani, njaa, ng'ombe fulani na tabia zake. Mdogo wangu wa kiume ndiye aliyeanza kumrekodi, likizo moja ndefu akiwa bado chuoni. Alikuwa akiviringisha simu kwa shuka na kuisimamisha rafuni katikati ya vibuyu viwili vya maziwa ya mursik, kwa sababu pale sauti ya Kogo hufika vizuri na kikohozi cha Baba hakifiki. Adui mkubwa alikuwa paa. Nchi hii ya Kericho ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi, na mawe yakianza kuangukia mabati hata mtu aliye kando yako humsikii. Vipindi vingine vinakatika katikati ya sentensi, na wasikilizaji wa kwetu wanajua sababu bila kuambiwa.

Kijana alimaliza chuo, akapata kazi Doha, akasafiri. Podkasti aliiacha ikiwa hai. Mama alikuwa anarekodi, anamtumia faili kwa WhatsApp, yeye anaipandisha huko aliko, na watu wetu walio Nairobi, Dubai na Minnesota wanasikiliza. Senta ya chai iliyo umbali wa kutembea kwa miguu kutoka jikoni kwa Kogo ndiyo iliyokuwa haisikii kitu.

Nilikuwa nimekuja likizo ya Agosti kutoka Eldoret ninakofundisha, kwa hiyo kazi iliniangukia. Niliwaeleza kwanza wazazi wangu podkasti inakaa wapi, kwa kuwa Baba aliamini kwamba imo ndani ya simu ya mdogo wangu na kwamba simu hiyo ikiibwa Qatar tumekwisha. Faili za sauti zinahifadhiwa na kampuni moja ya mtandaoni. Kampuni hiyo hutoa mlisho wa RSS, yaani ukurasa wa maandishi ambao kompyuta huusoma: una jina la podkasti, picha ya jalada, jina na barua pepe ya mwenyewe, kisha orodha ya vipindi, na kila kipindi kina anwani ya mahali faili yake ilipo. Ni kama daftari la karani wa senta. Majani hayamo daftarini, yako kwenye lori, lakini bila daftari hakuna ajuaye kilo ni za nani. Baba, ambaye aliwahi kugombana na karani kwa sababu ya kilo, alielewa papo hapo na hakuuliza tena.

Utaratibu huu una umri wa kutosha. Mmarekani Dave Winer ndiye aliyeuwekea mlisho wa RSS nafasi ya kuambatisha faili ya sauti, mwishoni mwa mwaka 2000, baada ya kusukumwa na Adam Curry aliyewahi kuwa mtangazaji wa MTV. Mwaka 2005 Apple iliingiza podkasti kwenye iTunes na dunia nzima ikazijua. Ninaupenda utaratibu huu kwa moyo wote, na sababu ni moja: mlisho ni wa mwenyewe. Programu yoyote inaweza kuusoma, na programu ikifa, mlisho hubaki. Mwaka 2024 Google ilifunga programu yake ya Google Podcasts na kuwaelekeza wasikilizaji YouTube Music. Binamu yetu aliyekuwa akiitumia alihamia programu nyingine, akabandika anwani ileile ya mlisho, na Kogo akaendelea kusimulia.

YouTube nayo ilifungua mlango wa kupokea milisho. Mwenye podkasti huingia kwenye Studio ya chaneli yake, anachagua kuanzisha podkasti mpya, anabandika anwani ya mlisho. Mitambo yake inausoma, inavuta kila faili ya sauti, inaiwekea picha ya jalada na kuifanya video ya picha isiyosonga. Kipindi kipya kikitokea kwenye mlisho, kinafuata chenyewe bila mtu kukipandisha mara ya pili. Ila kabla ya yote hayo kuna ulinzi. Anwani ya mlisho iko wazi kwa kila mtu, kwa hiyo mgeni angeweza kuchukua hadithi za Kogo na kuziweka kwenye chaneli yake. Ili kumzuia, YouTube hutuma tarakimu za uthibitisho kwa barua pepe iliyoandikwa ndani ya mlisho wenyewe. Anayezisoma ndiye mwenye mali. Ni sheria nzuri, na nyumbani kwetu ilifanya kazi yake barabara, kwa kuwa ilituzuia sisi.

Barua pepe iliyokuwa kwenye mlisho ilikuwa ile aliyopewa mdogo wangu chuoni, na chuo kilikuwa kimeifunga muda mrefu uliopita. Tarakimu zilikwenda mahali ambapo hakuna mtu. Mama alipoelezwa, alimpigia simu Doha saa ya usiku ambayo vijana wa kazi za zamu wamelala. "Wewe kijana, uliandika kitu cha Kogo kwa anwani ya shule? Shule ndiyo inamlea Kogo?" Mdogo wangu aliomba radhi kwa heshima na kusema kwamba jambo ni dogo: tuingie kwenye akaunti ya kampuni inayohifadhi sauti, tubadilishe barua pepe, tuombe tarakimu upya. Nenosiri alilikumbuka. Lakini kompyuta yangu ilikuwa ngeni kwa kampuni hiyo, nayo ikataka kutuma tarakimu zake yenyewe, kwa ujumbe mfupi, kwa namba ya simu aliyoandikisha zamani. Laini ya namba hiyo aliiacha Kapkatet, kwenye droo ya kabati la vyombo.

Droo ilimwagwa mezani. Tulipata risiti za mbolea, betri za redio, kadi za kliniki zetu za utotoni, na kifungo cha koti ambacho Baba alikitafuta mwaka mzima. Laini haikuwemo. Baba mdogo, ambaye ndiye mtu wa kwanza kuulizwa kitu kikipotea kwetu, aliapa hajaigusa. Baba ndiye aliyekumbuka, na alikumbuka polepole. Laini ya Kogo iliwahi kuharibika msimu wa mvua, naye Baba, ili mamake asikae bila simu, alichukua iliyokuwa kwenye droo na kuitia kwenye simu yake ya kabambe. Kwa muda wote huo, ujumbe wa podkasti ulikuwa ukiingia kwenye kikapu cha Kogo, katikati ya chai. Kogo hasomi. Kila simu ilipojaa alimpa kijana wa dukani amfutie ujumbe wote, akiamini ni wa watu wa mikopo.

Hapa ndipo palipokuwa na ugumu wenyewe, na singependa mtu amcheke Kogo, maana alikuwa na haki. Tulimketisha kwenye kiti cha Baba, kabambe mkononi, nami nikabonyeza kompyuta mezani. Simu ikalia. Nikanyoosha mkono. Kogo akaifunika kwa viganja vyote viwili.

"Tarakimu hazitolewi," alisema.

"Kogo, ni mimi."

"Mwizi naye husema ni yeye."

Maneno hayo alifundishwa na Mama mwenyewe. Wazee wengi wa huku wamepoteza pesa za bonasi kwa watu wanaopiga simu kwa sauti ya upole, wanaomba tarakimu zilizoingia sasa hivi, na kabla mzee hajashika mkongojo wake pesa zimeondoka. Redio zinaonya, machifu wanaonya kwenye baraza, na Mama alikuwa amemkalisha Kogo zaidi ya mara moja na kumwambia: hata akija mtu na jina langu, usimpe. Sasa Mama alikuwa amesimama mbele yake akimwomba. "Mama," alimwambia mama mkwe wake, akiinama kama inavyostahili, "hizi si za pesa. Ni za hadithi zako." Kogo alimtazama kwa huruma ya mtu anayemwona mwanawe ametapeliwa. Dakika zikaisha, tarakimu zikafa, nikaomba nyingine, simu ikalia tena ndani ya viganja vilevile.

Alipopatikana wa kusuluhisha, alikuwa Baba. Hakumshawishi. Alimwambia mamake kwamba ni yeye aliyeweka laini ile kwenye simu, na kwamba laini ni ya mjukuu aliye ng'ambo, na ujumbe ni wa mjukuu. Kogo alifikiri. Mali ya mjukuu alikuwa ameishika bila kujua, na mali ya mtu hurudishwa. Alimpa simu mzaliwa wake wa kwanza, si mimi, na Baba akasoma tarakimu kwa sauti ya kusomea Biblia kanisani, moja moja, huku Kogo akihakikisha kwa jicho kwamba hakuna mtu mlangoni.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Barua pepe ikabadilishwa kuwa ya Mama. Tarakimu za YouTube zikafika. Vipindi vikaanza kuingia, na kwa mtandao wetu wa bando nilishangaa, kisha nikakumbuka kwamba si sisi tunaopandisha chochote. Mitambo inavuta sauti moja kwa moja kutoka kwenye kampuni inayozihifadhi. Podkasti iliingia ikiwa ya faragha, ikasubiri mwenyewe aitoe hadharani. Mama alisema kwamba Kogo hajafanya jambo la kufichwa, akabonyeza mwenyewe kwa kidole, tukalala.

Siku ya pili ilikuwa ya soko. Mwenye hoteli moja pale Kapkatet, ambaye Mama humuuzia maziwa, alitafuta hadithi za Kogo na kuzifungulia kwenye televisheni kubwa ya ukutani, na watu wakakaa na chai na mandazi yao wakisikiliza. Niliambiwa walikaa kimya kama wako kanisani. Sauti ya Kogo ilijaa chumba, na kwenye ukuta, kwa muda wote wa hadithi, ilikaa picha ya jalada.

Picha ile aliipiga mdogo wangu. Kogo amesimama mlangoni, shuka begani, amecheka kidogo. Kwenye programu za podkasti picha ya jalada huonekana ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, na hakuna aliyewahi kutazama kilichokuwa nyuma ya Kogo. Lakini Apple hudai jalada la mraba lenye pikseli kati ya 1400 na 3000 kila upande, na mdogo wangu, mtu wa kufanya kazi vizuri, aliweka 3000 kamili. Picha ya namna hiyo kwenye televisheni ya ukutani haifichi kitu. Nyuma ya bega la Kogo, imeegemezwa kwenye tangi la maji, ilionekana wilbaro ya rangi ya buluu, na kwenye ubavu wake, kwa rangi nyeupe, herufi mbili za jina la jirani yetu wa ng'ambo ya kijito.

Jirani huyo alikuwa ameitafuta wilbaro yake tangu msimu uliopita wa kupogoa chai. Alimuuliza Baba mdogo, aliyeiazima, naye akajibu kwamba aliirudisha na kuiacha langoni jioni, akakutana na mbwa tu. Maneno hayo yaliharibu ujirani. Walikuwa hawapeani tena ng'ombe dume, na kwenye senta kila mmoja alikuwa anasubiri mwenzake aondoke. Sasa mzee wa watu alikuwa ameketi hotelini na kikombe cha chai, akitazama wilbaro yake kwa nusu saa nzima.

Ninamheshimu sana mzee yule kwa alichofanya. Hakuinuka. Alisikiliza hadithi mpaka mwisho, akalipa chai yake, akaenda nyumbani. Alikuja kwetu kesho yake asubuhi, akapiga hodi, akasalimu "Chamgei" na kuitikiwa, akakaribishwa, akapewa mursik. Alimshukuru Kogo kwanza. Alimwambia kwamba hadithi ile aliisikia mara ya mwisho kwa mamake marehemu, na kwamba mamake alikuwa akiimba pale ambapo Kogo anasema tu. Baada ya hapo ndipo akasema, bila kumtazama mtu, kwamba pia ameona wilbaro.

Baba mdogo aliitwa. Mbele ya Kogo hakuna mwanawe anayezunguka maneno. Wilbaro aliikopesha kwa shemeji zake Mogogosiek, upande wa Konoin kule Bomet, walikokuwa wanajenga, na aliona aibu kusema kwamba ameazimisha kitu cha kuazima. Kogo hakupaza sauti. "Nimekaa na wilbaro ya mtu nyuma yangu," alisema, "na watu wananisikiliza." Baba mdogo aliondoka siku hiyo hiyo kwa bodaboda mpaka Litein, akapanda matatu ya Mogogosiek, na akarudi kwenye pikapu iliyobeba magunia ya mkaa na wilbaro ya buluu juu yake. Aliinunulia tairi jipya kabla ya kuivusha kijito.

Kogo aliagiza picha iondolewe mara moja, na hapa nitasema jambo ambalo kila mwenye podkasti anayepeleka mlisho wake kwenye video anapaswa kulijua mapema. Tulipiga picha mpya, Kogo akichagua mwenyewe mahali: mbele ya chai, kitu kingine chochote kisionekane. Tukaiweka kwenye mlisho. Programu za podkasti zikabadilika, kwa sababu zinausoma mlisho kila mara. Video hazikubadilika. Video ikishatengenezwa, picha yake imekwisha kuungana na sauti. Ukibadilisha faili kwenye chanzo, ile ya zamani inabaki pale ilipo mpaka uamuru ivutwe upya, na ikivutwa upya inakuwa video mpya yenye anwani mpya, na hesabu ya waliosikiliza inaanza sifuri. Wale waliokwisha kutumiana anwani za zamani kwa WhatsApp wanabaki na kitu kisichofunguka. Baba alitaka kujua kama hesabu ya hotelini nayo itapotea. Itapotea, nilimwambia. Kogo alisema ipotee.

Kwa bahati kulikuwa na sababu nyingine ya kuvuta vyote upya. Kila kipindi kilianza na wimbo wa mwimbaji mmoja wa Kikalenjin anayependwa, ambao mdogo wangu aliuweka kwa mapenzi tu. YouTube ina mfumo uitwao Content ID, ulioanza mwaka 2007, unaolinganisha sauti ya kila video na kazi ambazo wenyewe wameziandikisha. Ulitambua wimbo ule, na vipindi vyetu vikaanza kuwekewa alama kwamba ndani yake mna mali ya mtu. Baba mdogo, ambaye wiki hiyo hakuwa na sauti kubwa, alipendekeza tufupishe wimbo usitambulike. Mama alikataa. Alisema kwamba mwenye wimbo ana watoto kama sisi, na nyumba hii imeshatosheka na vitu vya watu.

Kwa hiyo tulirekodi mwanzo wetu: Kogo na wajukuu wanne, jikoni, jioni isiyo na mvua. Kogo aliimba ule wimbo wa ndani ya hadithi ambao mamake jirani alikuwa akiuimba, maana tangu mzee aseme maneno yale haukumtoka kichwani. Aliukumbuka vipande vipande, akiwanyamazisha watoto kila walipomtangulia, akirudia mstari mmoja kwa midundo miwili tofauti mpaka alipopata ule uliomridhisha.

Hapa Kapkatet tuna sababu ya kulichukulia jambo hili kwa uzito. Mwaka 1950, Hugh Tracey, mtafiti wa muziki aliyekuwa akizunguka Afrika na gari la kurekodia, alifika hapa na kurekodi wasichana wa Kipsigis, akiwemo Chemutoi Ketienya, wakiimba kwa kinubi cha chepkong wimbo wa Chemirocha. Jina hilo lilitokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye sahani zake zilifika huku na gramafoni za Wazungu. Wasichana walimwimba kama kiumbe nusu mtu, nusu swala. Rekodi ile ilizunguka dunia. Wataalamu waliiandika, wanamuziki wa mbali waliipenda, na ikahifadhiwa kwenye Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika ambayo Tracey aliianzisha mwaka 1954, na ambayo leo iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Nyumba walizotoka wasichana wale hazikuwa na nakala. Zaidi ya miaka sitini ilipita kabla ya maktaba hiyo, pamoja na watu wa mradi wa Singing Wells na Ketebul Music ya Nairobi, kuja kuzirudisha rekodi huku kwa wenyewe.

Tracey alifanya kazi kubwa. Bila yeye sauti zile zingekufa. Lakini nikimfikiria msichana aliyeimba jioni moja akaenda kulala, na sauti yake ikaenda kusikilizwa na watu ambao hatawajua, huku watoto wake wakikua bila kuisikia, ninaelewa kwa nini Mama hakustahimili Kogo kusikika Minnesota na kukosekana senta. Pia ninaelewa kwa nini hadithi hizi zisipandishwe YouTube peke yake. Mlisho ndio chanzo, na chanzo kiwe mikononi mwa wenye nyumba.

Senta sasa inasikia, na imeleta shida yake. Mchumaji ana mikono miwili na yote ina kazi. Simu inakaa mfukoni mwa aproni ya plastiki. YouTube ya kawaida isiyolipiwa hunyamaza skrini ikizimwa, na skrini ikiwaka mfukoni inaguswa na kila tawi, inakula chaji, na picha isiyosonga inakula bando bila faida. Mama amekuwa mwalimu wa jambo hili kwenye foleni ya mizani. Anawaonyesha wenzake YouTube Music, ambako podkasti huendelea kusikika simu ikiwa imefungwa hata kwa asiyelipa, na wale wanaotaka kuokoa bando anawawekea programu ya podkasti inayopakua sauti peke yake usiku, wakati intaneti ya jirani ina nguvu. Mwanamke aliyemwambia kwamba kisichopo YouTube hakipo sasa anasikiliza kwa programu hiyo, na ameomba mamake mwenyewe arekodiwe.

Kabla ya kurudi Eldoret niliandika kwenye karatasi moja anwani ya mlisho, jina la kampuni inayohifadhi sauti, barua pepe na namba ya simu iliyoandikishwa, ambayo sasa ni ya Mama. Nenosiri liko kwenye bahasha, ndani ya sanduku la Kogo, na Kogo ameambiwa ni nani wa kupewa. Wewe unayerekodi wazee wa kwenu, iwe ni kwa Kipsigis, Kigusii au Kimaasai, fungua mlisho wako leo usome barua pepe iliyomo ndani yake. Ikiwa ni ya shule, ya kazi uliyoacha au ya mtu aliyesafiri, ibadilishe kabla hujaupeleka popote, kisha tazama picha ya jalada kwenye skrini kubwa.